Mistari Arobaini Ambayo Sikuiandika

Najua mmezoea nikiandika kuhusu seva, hifadhidata na simu zinazogoma kuwaka. Leo mnivumilie kidogo, nitaandika kuhusu imani. Asiye Mkristo asiondoke. Kompyuta zimo ndani ya hadithi hii, na kuna jambo kuhusu simu yako ambalo ni vizuri ulijue.

Swali lenyewe ni hili: mtu anamtii Mungu vipi wakati hajui kesho itakuwaje? Nimelisikia swali hili likijibiwa kanisani tangu nikiwa mtoto. Jibu lake ni jepesi sana ukiwa umeshalipa kodi ya nyumba. Mimi nilitakiwa kulijibu nikiwa sijalipa.

Wacha nianze na mtaa wenyewe.

Naishi Tassia, Embakasi, mashariki mwa Nairobi. Kwa wasiopajua, ni jirani na Fedha, Pipeline na Kware, kando ya barabara ya Outering. Sehemu kubwa ya mtaa huu ilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya NSSF, ile hazina ya hifadhi ya jamii, na kwa miaka mingi watu walijenga na kuishi hapa bila hati mkononi. Ghorofa zimebanana hadi ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumpa jirani chumvi. Chini ya nyumba hizo kuna udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi mwaminifu huuchimba wote mpaka afike kwenye mwamba. Fundi mwenye haraka... haya, tuyaache.

Ijumaa asubuhi, tarehe 6 Desemba 2019, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Tassia. Watu 10 walikufa. Nilikwenda nikasimama na wengine nyuma ya kamba, tukawatazama wanajeshi na watu wa Msalaba Mwekundu wakichimba. Tulikuwa wengi lakini hapakuwa na kelele. Jioni, kila mmoja wetu alirudi kwake akaanza kukagua kuta. Mimi nilikagua zangu kwa tochi ya simu, kama vile mtu wa kompyuta anaweza kujua lolote kuhusu nguzo.

Jumapili iliyofuata mchungaji wetu alianza na Luka 13, pale Yesu anapotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kusema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Akatukataza kabisa kutafuta dhambi za marehemu. Kisha akafungua Mathayo 7, wale wajenzi wawili. Akasema jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote: wajenzi wote wawili walisikia maneno yale yale. Tofauti yao haikuwa ya kusikia. Mmoja alitenda, mwingine hakutenda. Na kabla ya mvua, mpita njia asingeweza kuzitofautisha nyumba zile.

Niliandika hayo kwenye daftari langu nikasahau. Mwezi uliofuata nikapata kazi.

Wakati huo nilikuwa najitegemea. Natengeneza tovuti za shule, naunganisha maduka na malipo ya M-Pesa, kazi za hapa na pale. Wanaofanya kazi za namna hii wanajua: kazi unamaliza Machi, hela unapewa Septemba, na katikati unaambiwa hundi iko njiani. Tulikuwa tumechelewesha kodi ya miezi miwili na watoto wawili walikuwa wanarudi shule. Ndipo kampuni moja, upande ule mwingine wa jiji, ikanipigia. Walikuwa wanatengeneza apu ya mikopo. Shilingi 150,000 kwa mwezi, miezi sita, huenda ikaendelea. Mama watoto alipiga magoti palepale jikoni akashukuru. Na mimi nikashukuru.

Kwa wasiojua apu hizi zinavyofanya kazi, nitaeleza kwa ufupi. Benki ikikukopesha inataka dhamana: shamba, gari, hati ya mshahara. Apu haitaki hayo. Dhamana yake ni simu yako. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya Mkenya wa kawaida imekuwa ikipita kwenye simu, na kila ikipita inaacha ujumbe. Anayesoma jumbe hizo anajua unapata nini, unatumia nini, na tarehe ngapi unaishiwa. Kwa hiyo apu inaomba ruhusa: ruhusa ya jumbe, ruhusa ya kujua uko wapi, ruhusa ya orodha ya majina. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, simu haitoi mambo haya kimyakimya. Inakuuliza kwa kisanduku kidogo: ruhusu au kataa? Lakini mtu ambaye mtoto wake amelazwa hospitalini hasomi visanduku. Anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, mpaka aione ile elfu mbili.

Majuma ya kwanza sikuona shida. Niliandika fomu ya kujiandikisha na sehemu ya kutuma pesa. Kukopeshana si dhambi. Mama yangu alitusomesha kwa chama, na chama ni mikopo. Ila katikati ya Februari kazi mpya iliingia kwenye orodha yangu. Iliitwa "ukusanyaji" na ilikuwa na hatua tatu:

1. Mteja akiruhusu, chukua majina na namba zote zilizo kwenye simu yake, zitume kwenye seva yetu.

2. Akichelewa kulipa, chagua watu ishirini. Anza na waliohifadhiwa kwa maneno kama Mama, Baba, Shosh, Pasta, Bosi.

3. Watumie ujumbe kwamba fulani ana deni na amekataa kulipa.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akisimamia kazi, mdogo wangu kwa miaka saba hivi: "Sasa pasta ameingiaje? Yeye si mdhamini."

Akacheka bila ubaya wowote. "Mzee, hapo ndipo penye nguvu. Deni mtu anaweza kulikimbia. Aibu hawezi." Halafu akaongeza: "Ni mistari kama arobaini tu. Leta Jumatatu."

Alisema kweli. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ningeweza kuiandika huku nikinywa chai.

Jumamosi jioni simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua, wa apu nyingine kabisa, ukinijulisha kwamba mtu ninayemfahamu, akatajwa majina yote matatu, ana deni la shilingi 2,300 na anakwepa, na nimwambie alipe upesi. Majina matatu sikuyatambua mara moja. Sisi tulizoea kumwita mama mboga. Ana kibanda kwenye lango la nyumba yetu, anauza sukuma wiki, nyanya na vitunguu, na Jumapili anaimba kanisani, safu ya pili. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu niliwahi kumtengenezea simu ilipoingia maji. Simu ile ile.

Nilishuka kununua vitunguu. Saa moja jioni, saa ambayo watu wanatoka kazini na yeye huuza kuliko saa nyingine yoyote. Kibanda kilikuwa kimefunikwa kwa gunia. Wanawake wawili walikuwa wamesimama kando, kila mmoja ameshika simu, wanasoma kitu kimoja. Kumbe kila mteja aliyekuwa na namba yake ameupata.

Sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa apu ile. Lakini nilijua ndani yake mlivyo, kwa sababu yangu ilikuwa kwenye meza, inasubiri Jumatatu.

Usiku ule nilipanda juu ya paa, penye matangi ya maji na kamba za nguo. Hapo ndipo mahali pekee pa kuomba ukiwa peke yako katika nyumba yetu. Nitawaambia nilivyoomba, bila kupamba. Nilisema: Bwana, nipe kwanza kazi nyingine, halafu hii nitaiacha. Nikangoja. Nikasema tena, safari hii kwa lugha ya kanisani zaidi: Bwana, nionyeshe mapenzi yako.

Nikalirudia ombi hilo mara nyingi, mpaka likaanza kunisikika vibaya masikioni mwangu mwenyewe. Maana lilikuwa uongo. Mapenzi yake nilikuwa nayajua. Jirani yako mpende, usimwaibishe maskini, usishuhudie juu ya mtu kwamba amekataa kulipa wakati labda amechelewa siku mbili tu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ndoto wala nabii. Nisichokijua ni nani angelipa kodi ya Machi. Nilikuwa nimechukua swali la pili nikalivisha nguo za swali la kwanza, halafu nikamlaumu Mungu kwa kunyamaza.

Nikamkumbuka nyanya yangu wa Murang'a. Alikuwa mmoja wa wale ndugu wa Uamsho. Uamsho huo ulitokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka hiyo hiyo. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kwa sababu walisema wameshaingia agano moja na hawawezi kuingia la pili. Serikali ya mkoloni ikidhani hao ni watu wake ikawapa bunduki. Wakazikataa pia. Wakaangaliwa kwa jicho baya na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Nyanya hakuwahi kuwadharau waliopigania ardhi, ndugu zake mwenyewe walikuwa msituni. Ila alisimulia usiku mmoja ambao hakujua kama kungekucha.

Nilikuwa mtoto, nikamuuliza: "Cucu, Mungu alikuambia nini usiku huo?"

Akasema: "Usiku huo hakuniambia kitu. Alikuwa ameshaniambia."

Kesho yake, Jumapili, safu ya pili ilikuwa na nafasi wazi. Tuliimba ule wimbo wa zamani wa kumwamini Yesu na kumtii, ambao maneno yake yaliandikwa na John Sammis, mchungaji wa Kipresbiteri, ukatolewa Marekani mwaka 1887. Inasimuliwa kwamba ulitokana na mkutano wa injili mjini Brockton, Massachusetts, ambapo kijana mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Hakusema kwamba amepata uhakika. Alisema kwamba uhakika kamili hana, ila ataamini na atatii. Daniel Towner, aliyekuwa akiongoza nyimbo, akayaandika maneno hayo akampelekea Sammis. Miaka yote nilidhani ule ni wimbo wa watu wenye uhakika. Kumbe ulianzia kwa mtu aliyekiri kwamba hana.

Jumatatu nilikwenda nikasema sitaandika. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, ikanipotea yote. Nilisema tu, "Hii siwezi." Yule kijana alinitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyepotea njia, akaniuliza kama nataka waniongeze pesa. Nikarudisha kompyuta yao. Walinilipa sehemu ya siku zangu, sehemu nyingine sijaiona hadi leo.

Ile kazi ilikamilika juma lile lile. Mtu mwingine aliiandika. Naomba mliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu mahubiri mengi huliruka: kukataa kwangu hakukumwokoa mkopaji hata mmoja. Apu ilitoka sokoni ikiwa na mistari yake arobaini. Na ile fomu niliyoiandika majuma ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa ikileta visanduku vya ruhusa, ilibaki humo. Hilo bado linanisumbua.

Kulikuwa na kosa lingine, na hili ni langu peke yangu. Mama watoto nilimweleza baada ya kuacha, si kabla. Nilimsimulia kila kitu: ujumbe, paa, nyanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba watoto, hukukosea kukataa. Umekosea kutoniuliza. Hii imani yako italipwa na mfuko wangu pia, na mimi ulinificha bei." Sikuwa na jibu. Nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa wale wa ofisini, nikauita woga huo imani. Nilimwomba msamaha usiku ule, na baadaye mara kadhaa.

Bei ilikuja upesi. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Makanisa yakafuata. Kabla mwezi haujaisha tukawekewa kafyu. Shule nilizozitengenezea tovuti hazikuwa na wanafunzi, maduka hayakuwa na wateja. Simu yangu ilikaa kimya hadi nikawa naizima na kuiwasha, nikidhani imeharibika. Tuliuza televisheni, kisha jokofu. Mama watoto alianza kupika chapati usiku na kuziuza asubuhi ngazini, na kuna majuma ambayo chapati hizo ndizo zilizokuwa kodi, chakula na bando la intaneti. Msimamizi wa nyumba alibandika karatasi mlangoni mara mbili.

Ningependa kuwaambia kwamba simu ililia na mtu akaniletea kazi ya mamilioni. Haikulia. Kilichotokea ni kidogo mno, kinafanana na mana ya kwenye Kutoka 16, ya siku moja tu, ukiiweka inaota wadudu.

Mama mboga alikuwa amerudi kibandani baada ya kama juma moja. Asubuhi moja ya Aprili nilifungua mlango nikakuta mfuko: sukuma wiki, nyanya nne, kitunguu. Nikashuka kumwambia amekosea mlango, sina pesa. Akasema, "Najua. Nimeandika. Utalipa ukipata." Akanionyesha daftari, lile la shule la kurasa 96, linalokaa chini ya mizani. Alikuwa ameandika tarehe na shilingi 70 kwa kalamu ya buluu, kisha akalifunga.

Nilipanda ngazi nikiwa na mfuko huo na sikuweza kusema. Huo nao ulikuwa mkopo. Haukuwa na dhamana, na hakuna aliyetumiwa ujumbe. Tulilipa Agosti. Miezi yote ile hakuna jirani hata mmoja aliyejua jina langu limo kwenye lile daftari. Yeye aliyefanyiwa vile na simu, alinifunika mimi.

Makanisa yalipoanza kufunguliwa tena Julai, kwa watu wachache na barakoa, alirudi pamoja na sisi wengine wote. Hakuna aliyeona kwamba yeye alianza kukosa mapema kuliko sisi. Alikaa safu ya nyuma.

Sasa nirudi kwenye mambo ya teknolojia, maana kuna wanaosubiri.

Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili wakopeshaji hao wapewe leseni. Machi 2022 zikatoka kanuni zenyewe, na humo imekatazwa wazi kutumia orodha ya majina ya mteja kuwatumia watu wake jumbe za deni. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google nayo ilizikataza apu za mikopo kwenye Google Play kugusa majina na picha za mtu.

Lakini usitegemee sheria peke yake. Chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye mipangilio, tafuta apu, kisha ruhusa. Angalia nani anasoma majina yako. Apu ya tochi haina haja ya kumjua mama yako. Ondoa ruhusa hiyo. Na usiweke apu iliyotoka nje ya soko rasmi, kwa sababu huko hakuna wa kuikataza.

Kanuni zilipotoka, rafiki mmoja aliniambia, "Uliona mbali wewe. Ulijua itapigwa marufuku." Hapana. Februari 2020 sikuona hata Machi. Kama ningekataa kwa sababu nimeona sheria inakuja, hiyo ingekuwa hesabu nzuri ya biashara, na sina neno baya juu ya hesabu nzuri. Ila isingekuwa kutii. Na kama sheria hiyo isingekuja hata leo, jambo lile lingebaki baya vilevile.

Nimejifunza mambo matatu, niyaandike hapa nisije nikayasahau kama yale ya daftari.

La kwanza ni kutenganisha maswali mawili. Sisi Wakristo tukisema "sijui mapenzi ya Mungu," mara nyingine ni kweli hatujui: nioe nani, nihamie wapi, nisomee nini. Hapo tuombe, tuulize wazee, tungoje. Lakini mara nyingi sana la kufanya tunalijua. Tusichokijua ni litakalotokea tukilifanya. Swali hilo la pili Mungu hana mazoea ya kulijibu mapema. Ibrahimu aliondoka bila kujua anakokwenda. Katika Yoshua 3 mto Yordani ulikuwa umefurika, na maji hayakusimama mpaka nyayo za makuhani zilipoingia ndani yake. Walitangulia kulowa.

La pili, kutii si kamari. Tumezoeshwa, na wahubiri wengine wametuzoesha makusudi, kwamba ukimpa Mungu kumi atakurudishia mia. Hapa Eastlands vijana wengi wanacheza kamari za mpira kwenye simu, na nimegundua lugha ya kibanda cha kamari na ya baadhi ya mimbari imekuwa moja. Wale vijana watatu wa Danieli 3, Shadraka, Meshaki na Abednego, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, ila hata asipowaokoa hawatasujudu. Mcheza kamari hawezi kusema hilo neno la mwisho.

La tatu, usitii kwa pesa ya mwenzako bila kumuuliza. Na usijivune mbele ya asiyeweza. Yule aliyeandika mistari ile badala yangu simjui. Labda alikuwa na karatasi mbili mlangoni, na hana mama mboga.

Leo natunza mfumo wa hesabu ya bidhaa kwa maduka machache ya vifaa vya ujenzi kando ya Outering. Pesa si nyingi, ila inakuja kila mwezi. Jokofu tulinunua tena, televisheni bado. Naandika programu inayohesabu misumari, saruji na nondo, na kila nikiona hesabu ya nondo nakumbuka ile Ijumaa.

Mwaka jana ndipo nilipomwambia mama mboga. Nilishuka jioni, hapakuwa na wateja, nikamweleza kwamba mimi nami niliupata ule ujumbe, na kwamba juma lile nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza kitu kama kile, na kwamba fomu ya mwanzo niliiandika mimi. Alikuwa anakata sukuma. Hakuacha kukata.

"Kwa hiyo nusu uliiandika," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akakata kidogo. "Na nusu ukakataa."

"Ndiyo."

"Haya." Akafunga sukuma kwenye mfuko akanipa. "Shilingi thelathini."

Nikalipa. Tangu hapo tunasalimiana kama kawaida. Sijui kama amenisamehe, na sikumuuliza tena. Yeye ndiye atakayejua siku ya kuniambia, kama ipo.

Ni hayo kwa leo, ndugu zangu. Safari ijayo turudi kwenye hifadhidata. Mungu awabariki, na mkague zile ruhusa.